Kigoda, Wakfu na Profesa wa Sayansi ya Kompyuta

Tunayo mikononi tafsiri ya tangazo la chuo kimoja, ambacho hatuna haja ya kukitaja, kinachotafuta maprofesa wa sayansi ya kompyuta. Mfasiri ameandika: "Chuo kinaajiri maprofesa waandamizi kwa nafasi zilizofadhiliwa." Sarufi yake haina kasoro. Maana, hata hivyo, imepotea katika maneno matatu.

Tuanze na lililo zito, yaani kufadhiliwa. Fadhila ni hisani, na ufadhili hudumu kadiri apendavyo mfadhili. Nafasi inayozungumzwa hapa ni ya namna nyingine kabisa: mtu ametoa mali, mali hiyo haiuzwi wala hailiwi, bali mapato yake ndiyo yanayomlipa profesa mwaka hadi mwaka, hata baada ya mtoaji kufariki. Henry Lucas wa Uingereza aliusia ardhi iliyotarajiwa kuleta pauni 100 kila mwaka, na kwa wosia huo kikaanzishwa kiti cha hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1663. Newton alikikalia tangu mwaka 1669. Charles Babbage, aliyebuni mashine za kukokotoa ambazo wengi huzihesabu kuwa mababu wa kompyuta, alikikalia kuanzia mwaka 1828 hadi 1839 (na husemwa kwamba hakutoa mihadhara hapo, jambo ambalo waajiri wa maprofesa mashuhuri wangefanya vyema kulikumbuka). Lucas hakuwa mfadhili wa Babbage. Alikuwa amekwisha kuzikwa zaidi ya miaka mia moja na sitini.

Mtumishi wa Serikali akitakiwa kulieleza jambo hili Digodigo, wilayani Ngorongoro, yamkini hatapata taabu kubwa. Wabatemi wa huko, ambao wageni huwaita Wasonjo, hulima kwa maji ya mifereji, na zamu za maji husimamiwa na wazee wa baraza, wenamiji, ambao nafasi zao hurithiwa katika koo. Mkulima wa pale aijua tofauti kati ya jirani anayemletea ndoo ya maji na chemchemi inayojaza mfereji. Ndoo yategemea moyo wa jirani. Chemchemi yatoa maji ingawa aliyechimba mfereji hayupo tena. Ukimwambia kwamba nafasi ya profesa "imefadhiliwa", ataelewa ndoo, ilhali chuo kimekusudia chemchemi. Tena kosa hili si la maneno matupu. Mkataba ukiandikwa kwa neno la ufadhili, mtoaji aweza kuondoka baada ya miaka mitatu bila kuvunja hata sentensi moja aliyotia saini, na profesa akabaki na cheo kisicho na mshahara.

Neno tunalo, nalo ni wakfu. Sheria ya Kiislamu imelipa maana iliyo thabiti: mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi. Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na kwa hiyo istilahi hii imekwisha kuzoeleka katika ofisi. Tahadhari ni moja tu. Wakristo nao huweka wakfu kanisa na askofu, hivyo "profesa wa wakfu" aweza kudhaniwa kuwa amepakwa mafuta. Heri wakfu kishike mahali pa kukaa, kisimshike mkaaji.

Na mahali hapo paitwe kigoda. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere mwaka 2008, kikikaliwa kwanza na Profesa Issa Shivji na baadaye na Profesa Penina Mlama, wapo walioona kwamba kigoda ni kitu cha jikoni, kisichofaa mwanachuoni. Sisi hatuafikiani nao. Kiti kimekwisha kutwaliwa na mwenyekiti na wabunge wa viti maalumu. Kigoda kilikuwa huru, ni kifupi kutamka, tena wazee wengi wa Afrika wametoa hukumu wakiwa wamekalia vigoda. Hata hivyo, kigoda cha chuo hakifuati ukoo kama nafasi ya mwanamiji. Asipopatikana anayestahili, hubaki kitupu.

Ama kuhusu "mwandamizi", tatizo ni la kale. Kuandama ni kufuata, na mwandamizi wa awali alikuwa mfuasi. Matumizi ya ofisini yamemgeuza kuwa mkubwa, nasi hatuwezi tena kumrudisha. Lakini ngazi za vyuo vyetu zina mhadhiri mwandamizi aliye chini ya profesa mshiriki. "Profesa mwandamizi" ataonekana kuwa ngazi mpya ambayo haimo katika muundo wowote wa utumishi, na afisa wa mishahara atauliza, kwa haki, amweke wapi. Iandikwe "profesa aliyebobea".

Kuajiri nako hakutoshi. Mtu wa daraja hiyo aghalabu ana kazi tayari. Husakwa, huombwa, kisha huteuliwa. Katika fani hii kumsaka ni kazi ngumu zaidi, maana Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na fani ikachelewa kuwakuza wazee wake.

"Sayansi ya kompyuta" tunaisifu. Wengine wangeandika TEHAMA, ambayo ni teknolojia ya habari na mawasiliano, na wangepokea maombi ya mafundi wa mitandao badala ya wanazuoni wa nadharia ya ukokotozi.

Tungeandika hivi: "Chuo kinatafuta maprofesa waliobobea wa kukalia vigoda vya wakfu vya sayansi ya kompyuta." Limebaki jina la mkaaji mwenyewe. "Mwenyekigoda" linajileta upesi, lakini mwenye ni mmiliki, na kigoda cha wakfu hakimilikiwi na anayekikalia. Wasomaji walio na neno bora watuletee.