Jedwali lilisema kweli nusu, mimi nikahukumu mtu mzima



Leo nataka kukosoa kitu ambacho wengi wetu tunakipokea bila kuuliza: miongozo ya kompyuta inayofundisha namna ya kupima mtiririko wa mtandao kwenye swichi pepe. Mimi ni mtu wa kilimo, nina lisansi ya agronomia, si injinia wa mitandao. Lakini nilifuata miongozo hiyo hatua kwa hatua, kila komandi ikakubali, na mwisho wake nikamfungia mdogo wetu mmoja mtandao siku 12 bila kosa. Kwa hiyo kusema juu ya jambo hili ni deni langu.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Swichi ya kawaida ni kale kasanduku kenye matundu ya kebo kanakounganisha kompyuta. Swichi pepe inafanya kazi ileile, ila haina mwili. Ni programu ndani ya kompyuta moja, na inaunganisha mashine pepe zinazoishi humo ndani. Ya bure inayojulikana sana ni Open vSwitch. VMware nao wana ya kwao, ya kulipia. Kwenye chumba chetu hapa Hombo tuna kompyuta moja ya mtumba, paneli za jua, na antena ya setilaiti tunayoichangia kila mwezi. Ndani ya hiyo kompyuta mna mashine tatu: moja inagawa intaneti kwa wanachama, moja ina maktaba ya Wikipedia isiyohitaji intaneti, na moja inatunza takwimu za mashamba. Vyote vinapitia Open vSwitch.

Sasa, kupima mtiririko ni nini? Waliovuka daraja la Hombo, pale Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini zinapokutana, wataelewa haraka. Fikiria mtu amekaa kando ya daraja na daftari. Lori likipita, hafungui magunia. Anaandika tu: limetoka Bunyakiri, linaenda Walikale, limebeba kiasi gani, limeanza kupita saa ngapi, limemaliza saa ngapi. Swichi nayo inafanya hivyo. Haisomi ujumbe wako. Inaandika anwani iliyotuma, anwani iliyopokea, namba za milango, kiasi cha data, na saa. Kiisha inatuma daftari hilo kwa mashine nyingine inayokusanya na kutoa jedwali.

Daftari hilo lina namna kadhaa za kuandikwa. NetFlow ilitoka kwa Cisco miaka ya 1990. sFlow ilielezwa hadharani mwaka 2001. IPFIX ni kanuni ya IETF, jumuiya inayotunga kanuni za intaneti, na toleo lake linalotumika lilitolewa mwaka 2013. Open vSwitch inazijua zote tatu. Hapo lazima nisifu: ni ajabu kwamba mtu wa Hombo, bila kulipa hata faranga, kwa komandi moja ya ovs-vsctl anaweza kupata chombo ambacho zamani kilikuwa cha makampuni makubwa. Sina ugomvi na chombo. Ugomvi wangu ni na namna tunavyofundishwa kukitumia.

Kosa la kwanza la miongozo ni kwamba inaanza na komandi, haianzi na swali. Chukua mwongozo wa Open vSwitch wenyewe juu ya sFlow. Unakupa anwani ya mkusanyaji, unakupa namba 64 kwa ajili ya sampuli, namba 10 kwa ajili ya sekunde, unabandika, inatembea. Lakini 64 juu ya nini? Kwa nini si 10, kwa nini si 1,000? Mwanafunzi ananakili 64 kama vile ni namba ya dawa kwenye kopo.

Sisi watu wa kilimo tunajua sampuli. Tukienda kuangalia ugonjwa wa batobato kwenye mihogo, hatuhesabu shamba zima. Tunapita kwenye diagonali mbili, tunachagua mimea 30, kila mmea tunaupa alama kutoka 1 hadi 5. Tunajua kwa nini tunafanya hivyo, na tunajua mimea 30 haiwezi kutuambia kila kitu. Hakuna mwalimu wa agronomia angekuachia useme, "Niliangalia mimea mitatu, shamba la mzee huyu limekufa."

Kwenye mtandao mambo ni yaleyale. 64 maana yake, kwa wastani, pakiti moja inaangaliwa kati ya 64. Usipoandika namba yoyote kwenye sFlow au IPFIX ya Open vSwitch, yenyewe inachukua moja kati ya 400. Watu wa sFlow wana hesabu rahisi ya kukadiria makosa: ukiwa na sampuli 100 za mtu fulani, makadirio yako yanaweza kukosea kwa karibu asilimia 20. Ukiwa na 10,000, kosa linashuka hadi karibu asilimia 2. Sasa piga hesabu: kwa moja kati ya 400, sampuli 100 ni pakiti kama 40,000. Hata zikiwa zimejaa kabisa, hizo ni mega kama 60. Kwa hiyo mtu anayetumia mega chache kwa siku, jedwali haliwezi kumsema vizuri. Kwa kampuni yenye maelfu ya mashine hakuna shida, juu wao wanatafuta picha kubwa. Kwa chumba cha watu 20 wanaogombania giga za mwezi, sisi tunatafuta mtu. Swali si moja, na namba haiwezi kuwa moja.

Kosa la pili ndilo lililoniangusha. Mimi niliogopa sampuli, nikachagua NetFlow, juu kwenye Open vSwitch yenyewe haichukui sampuli, inahesabu kila mtiririko. Nikajisifu. Jedwali likatoka safi. Juu kabisa kulikuwa na kompyuta ya mdogo wetu mmoja aliyekuwa anaandika memwari yake ya kumaliza masomo. Wengine wote walikuwa chini, mbali kabisa. Wakati ule giga zilikuwa zinakwisha tarehe 20 ya kila mwezi, na watu walikuwa wamekasirika. Tukaitana, nikaonyesha jedwali, watu wakapiga makofi. Yule kijana alisema tu, "Yaya, mimi nasoma makala, siangalii video." Nikamjibu kwamba namba hazidanganyi. Tukamfungia.

Kwa siku 12 alikuwa anapanda moto kwenda Bunyakiri ili kutuma kurasa zake kwa mwalimu. Mnaijua barabara hiyo na hali yake. Siku moja alirudi jioni, akasimama mlangoni, akauliza kwa upole: "Yaya, tangu mmenifunga, giga zinabaki?"

Hazikubaki. Zilikwisha tarehe 20 kama kawaida.

Hapo ndipo nilifanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya siku ya kwanza. Nilichukua jumla ya jedwali langu, nikaiweka kando ya kaunta ya antena. Jedwali halikufika hata theluthi. Data nyingi zilipita darajani na mwenye daftari hakuziona. Kwa nini? Kwa sababu NetFlow inayotumwa na Open vSwitch ni ya toleo la 5, na toleo la 5 linajua anwani za IPv4 peke yake. Anwani mpya, za IPv6, hazina nafasi kwenye daftari hilo. Simu zetu za leo, zikikuta IPv6, zinaipenda. YouTube, Facebook na Google wote wanaipokea. Kwa hiyo video zote za kwenye simu, zikiwemo za baadhi ya waliopiga makofi, zilikuwa zinapita kwenye barabara ambayo mimi sikuweka mtu. Kompyuta ya yule kijana ilikuwa ya zamani, IPv6 imezimwa. Yeye peke yake alikuwa anapita mahali penye mwanga.

Jedwali halikuwa limedanganya. Kila namba iliyokuwepo ilikuwa ya kweli. Ila jedwali haliandiki mstari wa kusema, "Kuna wengine sikuwaona." Mstari huo anapaswa kuuandika anayefundisha. Miongozo mingi niliyoipitia inakuambia "sasa mtiririko wako unaonekana", haikuambii ni upi hauonekani. Nikiwa mkosoaji, hapo ndipo ninapoipa alama ya chini.

Kosa la tatu ni kubwa kuliko yote, na kwetu huku ni zito zaidi. Miongozo inaongea juu ya mitiririko kana kwamba ni maji ya mto. Lakini kila mstari una mtu nyuma yake. Nani aliongea na wapi, saa ngapi usiku, kwa muda gani. Ujumbe haumo, ni kweli. Lakini fikiria lile daftari la darajani: hata bila kufungua magunia, mtu akilisoma mwezi mzima anajua nani ana mali, nani anasafiri usiku, nani amebadilisha njia. Katika eneo letu, ambapo mwenye silaha anaweza kuingia ofisini na kuomba daftari, kuweka kumbukumbu kama hizo bila sababu ni kuwaweka watu kwenye hatari ambayo hawakuichagua. Mimi nilikuwa nazo za miezi minne kwenye diski, bila neno la siri, na hakuna mwanachama aliyekuwa ameulizwa. Nchi yetu ina Kodi ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake mna sehemu juu ya ulinzi wa data za watu. Lakini hata bila sheria, heshima peke yake ingetosha kunifundisha.

Bon, mtu ataniambia: mwongozo wa komandi kazi yake ni komandi, maadili ni kazi ya mwenye kuitumia. Nimelifikiria jibu hilo, na silikubali lote. Karatasi ya dawa ya shamba haisemi tu vijiko vingapi kwa lita. Inasema pia vaa glavu, usivune kabla ya siku fulani, usioshe pampu mtoni. Hakuna anayesema hayo si kazi ya karatasi. Chombo kinachopima watu kinadai karatasi ya namna hiyo.

Basi, hivi ndivyo tulivyopanga upya. Hakuna kitu cha ajabu, hata chumba kidogo kinaweza.

Tuliandika swali kwanza, kwenye karatasi: giga zinaenda kwenye matumizi gani, saa zipi? Si "nani mwizi".

Tuliacha NetFlow, tukachukua IPFIX, ambayo inaona IPv4 na IPv6. Sampuli tukaiandika wenyewe: 1, yaani kila pakiti, juu sisi ni wachache na kompyuta yetu inaweza. Mwenye mtandao mkubwa aweke namba kubwa, ila aseme ni kwa nini.

Tulipima mizani kabla ya kuiamini, kama mama wa sokoni anavyoweka jiwe la kilo moja. Tunapakua faili ya mega 100 tunayoijua ukubwa wake, mara moja kwa IPv4, mara moja kwa IPv6, kisha tunaangalia kama jedwali linaonyesha karibu mega 100 kila mara. Kila mwisho wa wiki tunalinganisha jumla na kaunta ya antena. Zikiachana sana, hakuna anayezungumza juu ya jedwali mpaka sababu ijulikane.

Mistari ya mtu mmojammoja inafutwa baada ya siku saba. Tunabaki na jumla tu. Neno la siri liko kwa watu wawili, na wanachama wote waliambiwa nini kinaandikwa na nini hakiandikwi.

Na mwisho: hakuna anayefungiwa kwa jedwali peke yake. Anaitwa kwanza, anasikilizwa.

Tulipopima hivyo, tulikuta sehemu kubwa ya giga ilikuwa inaliwa na simu zinazojisasisha zenyewe na video zinazojifungua zenyewe, mchana, bila mtu kukusudia. Tukahamishia masasisho usiku. Kazi ya dakika kumi. Hatukuhitaji mkosaji.

Yule kijana nilimwomba msamaha mbele ya watu walewale waliopiga makofi, na chama kikamrudishia pesa za moto. Memwari yake ilichelewa, lakini iliingia. Siku hizi yeye ndiye mmoja wa wale wawili wenye neno la siri. Yeye mwenyewe aliomba, na sikuona nani mwingine angelishika kwa uangalifu kuliko yeye.

Kama chumba chenu nacho kina jedwali, nawaomba leo kabla ya kulala mfanye kitu kimoja: chukueni jumla yake, muilinganishe na kaunta. Kiisha mtuandikie hapa chini mmekuta nini.