Ukanda wa kunolea kisu: ugumu kwanza, dawa baadaye

Kisu kikitoka kwenye kinoo, kazi bado haijaisha. Pitisha kidole gumba taratibu kutoka kwenye ubapa kwenda nje ya makali (usikiburute kamwe kufuata urefu wa makali), nawe utahisi upande mmoja kitu kinachokwaruza kama kucha iliyokatwa vibaya. Ni utando mwembamba wa chuma ambao jiwe limeusukuma ukapindia upande wa pili. Mimi nauita unywele. Mnoa visu wa mtaani, yule anayepiga pedeli za baiskeli kuzungusha jiwe, mara nyingi humwachia mteja unywele huo, maana jiwe linalozunguka hula chuma haraka. Siku hiyo kisu kinakata vizuri. Baada ya siku chache unywele umelala au umekatika vipande, nyanya inapondeka badala ya kukatika, na lawama zinamwendea aliyetengeneza kisu. Jirani zangu kadhaa wametupa visu vizuri kabisa kwa sababu hiyo, na inaniuma.

Ukanda wa ngozi upo ili kuumaliza unywele huo na kuyasawazisha makali. Kisu huburutwa mgongo ukitangulia na makali yakifuata, kinyume na wengi wanavyofanya kwenye kinoo. Hilo linajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba ukanda usiofaa huharibu makali, tena kimyakimya.

Nilijifunza hivyo kwa mkanda wangu wa zamani wa suruali. Niliufunga kwenye kitasa cha mlango, nikauvuta kwa mkono wa kushoto, nikapitisha kisu kama nilivyowaona vinyozi wakifanya na wembe wao. Baada ya wiki mbili makali yaling'aa kama kioo, lakini hayakuweza hata kuuma ganda la nyanya. Nilipoyatazama kwa kioo cha kukuzia niliona mstari mwembamba uking'aa kwenye ncha kabisa ya makali. Makali yanayokata hayarudishi mwanga, kwa kuwa ni membamba mno. Mstari ule ulikuwa na maana moja: ncha imekuwa duara.

Sababu iko kwenye umbo la vyombo viwili hivi. Wembe wa kinyozi hulazwa juu ya ukanda, mgongo na makali vikigusa ngozi kwa pamoja, kwa hiyo pembe yake imekwisha kuwekwa na aliyeufua. Kisu cha jikoni hakilali hivyo. Mgongo wake hukaa juu, na pembe, kati ya nyuzi 15 na 20 kila upande, inashikwa na mkono wako tu. Ngozi laini, au ukanda unaoning'inia, hubonyea chini ya uzito wa kisu kisha huinuka nyuma ya makali. Katika kuinuka huko huisugua ncha kwa pembe kubwa kuliko ile uliyonoa. Kila mpito huondoa chembe ndogo tu, lakini chembe hizo hutoka mahali pale pale penye kazi. Ndiyo maana nasema ugumu wa ngozi, na kilichoko chini yake, ndivyo vitu vya kwanza kuchagua.

Kwa kisu, basi, ngozi iwe ngumu, unene wa milimita 2 hadi 3, igandishwe juu ya ubao ulionyooka. Sehemu ya kuipata ni kwa fundi viatu: omba kipande cha ngozi ya soli. Tazama ulipopita mkasi. Ukiona kahawia kutoka juu hadi chini, ngozi hiyo yaelekea imedabaghiwa kwa magome ya miti, kama yale ya miwati ya Njombe. Ngozi ya namna hiyo hukaza. Ukiona rangi ya kijivu yenye ubuluu katikati, imedabaghiwa kwa kromi. Ni nzuri kwa mikoba na sehemu za juu za viatu, lakini inavutika mno kwa kazi hii. Ubao wa mninga unafaa sana kwa sababu haupindi ovyo. Upana wa sentimita 6 na urefu wa 30 vinatosha, na gundi ya fundi huyo huyo inashika.

Upande upi uwe juu? Wengi hupenda ule wa ndani, wenye nyuzi zilizosimama kama manyoya, kwa kuwa hushika kwa wingi dawa ya kung'arishia inayopakwa kwenye ngozi. Mimi nachagua upande laini, nikiukwaruza kidogo kwa msasa, kwani manyoya nayo hubonyea.

Dawa ni jambo la pili. Ile ya kijani ina oksidi ya kromi, ambayo chembe zake huwa karibu nusu maikroni, na inatosha kwa chuma cha kawaida cha jikoni. Visu vya chuma kigumu chenye vanadi nyingi vinahitaji dawa ya almasi, kwa kuwa chembe za kabidi ya vanadi ni ngumu kuliko dawa ya kijani. Paka kidogo, kama unavyochora kwa chaki. Mistari myeusi ikianza kuonekana kwenye ngozi, ujue chuma kinatoka.

Mipito 10 kila upande inatosha, ukibadilishana pande, kwa uzito wa kisu chenyewe tu. Mwisho wa kila mpito simamisha kisu kwanza, ndipo ukiinue. Anayekiinua kikiwa bado kinatembea anaiviringa ncha, na ubao mgumu hautamwokoa.

Pamoja na hayo, ukanda haurudishi chuma kilichomeguka. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kuwa unywele wa binadamu, ulio laini mara 50 kuliko chuma cha wembe, unaweza kuyamegua makali. Ubao wa kukatia na mifupa haviwezi kuwa na huruma zaidi. Penye pengo, rudi kwenye kinoo.

Kwa hiyo ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua kinoo kizuri. Ukanda utautengeneza mwenyewe kwa kipande cha soli na ubao. Na kila unapomaliza, osha kisu kwa sabuni kabla hakijagusa chakula, maana hubaki na dawa na vumbi la chuma.