Ufundi wa Kufupisha Meseji

Ujumbe mfupi wa maandishi, ambao wengi huuita meseji, ulikwisha kuwekewa kikomo cha herufi 160 katika miaka ya 1980, kabla ule wa kwanza haujatumwa nchini Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Lakini waliokigeuza kikomo hicho kuwa uwanja wa ufundi ni waandikaji wenyewe, na miongoni mwao vijana wa Afrika Mashariki wenye simu za vitufe, zile ziitwazo vitochi huko Tanzania, wanastahili sifa kubwa kuliko lawama walizozizoea.

Anayedhani kwamba x katika "xaxa" ni mbwembwe tupu hajapata kuandika kwa kidole gumba. Katika simu hizo s ni herufi ya nne kwenye kitufe cha 7, ilhali x ni ya pili kwenye kitufe cha 9, hivyo "sasa" hudai mibonyezo 10 na "xaxa" hudai 6. Vivyo hivyo "cjui", yaani sijui, huipunguza "si" ya mibonyezo 7 ikawa c ya mibonyezo 3, kwa kumtegemea msomaji aitamke c kama alivyofundishwa katika somo la Kiingereza.

Njia ya pili ni kudondosha irabu, na hapa ndipo fundi hujulikana. "Hbr" (habari), "lkn" (lakini) na "kbs" (kabisa) husomeka bila taabu, lakini baba, babu na bibi wote huishia kuwa "bb", na anayeambiwa kwamba bb amelazwa hospitali hana namna ya kujua ni nani wa kuombewa dua. Kwa hiyo mwandikaji mzoefu huzihifadhi irabu hizo hata kama salio linakaribia kwisha.

Adabu nayo ina kanuni zake. Shikamoo kwa mkubwa huandikwa kamili, kwa kuwa "shkm", hata ikieleweka, huonyesha haraka pale panapotakiwa utulivu. Mwenye namba ngeni hujitambulisha kwanza, "Ni mimi Mama Asha", ndipo aeleze shida yake. Na pole ya msiba haivumilii x hata moja. Simujanja zimeifuta hesabu ya mibonyezo, lakini kifupisho kimebaki kuwa dalili ya ukaribu, kiasi kwamba aliyezoea kuandikiwa "xaxa" na mwenzake, siku akipokea "sasa" iliyokamilika, huuliza ni jambo gani limemuudhi.