Mvua Haimtaji Mchawi

Waandishi wenzangu, swali moja linaninyima usingizi tangu nianze riwaya yangu ya kwanza. Kikongwe akiuawa mwaka wa njaa kwa madai kwamba kafunga mvua, muuaji ni nani? Nimetafuta jibu katika kazi za mwanahistoria wa Kijerumani, Wolfgang Behringer, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Saarland. Vitabu vyake viwili, kimoja juu ya uwindaji wa wachawi duniani (2004) na kingine juu ya historia ya hali ya hewa (kwa Kijerumani 2007, kwa Kiingereza 2010), nimevisoma hapa Ulemo kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, kamusi mkononi. Siyo mchezo, lakini nimefika mwisho.

Hoja yake ni hii. Kuanzia miaka ya 1560 Ulaya iliingia katika kipindi kikali cha baridi. Kiangazi kilikuwa kifupi, ngano ilioza shambani, ng'ombe walikufa, bei ya mkate ikapanda. Watu wakauliza: nani katuletea haya? Tarehe 3 Agosti 1562 mvua kubwa ya mawe ilipiga kusini mwa Ujerumani. Katika mji mdogo wa Wiesensteig wanawake wakakamatwa, na kabla moto haujazimika 63 walikuwa wameuawa. Mwishoni mwa Mei 1626 baridi iliua mizabibu. Fikiria shamba zima la zabibu Dodoma likiungua kwa usiku mmoja! Miaka iliyofuata, Bamberg na Würzburg ziliwachoma watu kwa mamia.

Kilichonishtua zaidi ni kwamba mara nyingi wakubwa hawakuanza. Wanakijiji wenyewe walikwenda kugonga milango ya watawala wakidai wachawi wachomwe. Hapo Behringer kanivunjia hadithi niliyokuwa nimeizoea, ya mtawala mbaya na raia wema. Kwa hilo namshukuru.

Msomaji atasema hayo ni ya Wazungu wa kale. Jamani, vuka mto Sibiti kutoka Mkalama, iliyokuwa sehemu ya wilaya yetu ya Iramba hadi 2012, utaingia Meatu. Huko mwanauchumi wa Marekani, Edward Miguel, alifanya utafiti katika vijiji 67 na kuutoa mwaka 2005. Aligundua kwamba mwaka ambao mvua imekosekana au imezidi hadi mafuriko, mauaji ya wanaoitwa wachawi yalikuwa kama mara mbili ya mwaka wa kawaida. Mauaji ya aina nyingine hayakupanda hivyo. Wengi waliouawa walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi mkono uliowaua ulikuwa wa ndugu. Basi Behringer hakuota. Anga ikiharibika, bibi yuko hatarini.

Lakini hapa ndipo ninapogombana naye, au tuseme na wale wanaomsoma haraka. Baridi ile haikuchagua mipaka, ila moto ulichagua. Dola ya Palatinate, iliyokuwa Ujerumani hiyohiyo na chini ya mawingu hayohayo, ilikataa kuwachoma wachawi. Mwaka 1563, mwaka mmoja tu baada ya Wiesensteig, daktari Johann Weyer alitoa kitabu akisema hao vikongwe hawana uwezo wa kuleta mvua ya mawe. Behringer mwenyewe anawafahamu watu hawa na anawaandika. Ila mchoro wa hali ya hewa una nguvu mno. Ukishautazama, unaona kama kila kitu kilikuwa lazima kitokee.

Kwetu pia jua si maelezo ya kutosha. Kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao Usukumani. Simeon Mesaki, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuchunguza mauaji hayo, anataja pia kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970: watu waliokuwa wakiishi mbalimbali ghafla wakajikuta ukuta kwa ukuta, na wivu wao na wagonjwa wao. Hilo halikuletwa na wingu.

Sasa niseme langu. Nikiwa darasa la tano, mtama ulikaukia shambani. Jirani yetu alikuwa bibi mjane, macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Vijana walipita kwake wakisema, "Bibi, tufungulie mvua." Wanacheka, lakini siyo utani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchotea maji. Nikaacha. Hakuna aliyenikataza, niliogopa tu kucheka kwao kusije kukanigeukia. Hakuuawa. Siku moja alifunga mizigo yake, akapanda basi pale Misigiri, hakurudi tena. Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, na watu wakasema, "Mmeona?"

Hakuna kipimo cha mvua kitakachoonyesha ndoo niliyoacha kuibeba.

Behringer ananipendeza zaidi anaposhuka toka mawinguni. Ana kitabu juu ya Chonrad Stoeckhlin, mchunga farasi wa Oberstdorf, aliyemtaja mwanamke kuwa mchawi mwaka 1586, naye akakamatwa, kisha akauawa 1587. Pale kuna mtu, ana jina, ana ulimi uliomponza. Kwangu mtunzi wa riwaya, kitabu kile kimoja ni chuo.

Kwa hiyo wenzangu, msomeni Behringer. Atawafundisha kuanza sura kwa bei ya unga kabla ya kuanza na mganga, na hilo riwaya zetu nyingi za uchawi hazilijui. Ila mkishamsoma msimwachie ukame kesi yote. Ukame unaleta njaa, na njaa inaleta hasira. Jina la bibi linatoka mdomoni mwa mtu, tena mtu anayemjua.

Rasimu yangu ya mwanzo niliifungua kwa jua kali. Nimeichana. Hii mpya inaanza na mtoto ameshika ndoo tupu, amesimama mlangoni, anafikiria kama aingie.