Upande wa Matundu

Tazama shati la mwanamume aliyelivaa. Matundu ya vifungo yako upande wake wa kushoto, vifungo vyenyewe viko kulia, na likifungwa, upande wa kushoto hulala juu ya ule wa kulia. Kisha tazama blauzi ya mwanamke: matundu yako kulia, vifungo viko kushoto, na kulia ndiko kunakolala juu. Wengi wetu tumevaa nguo hizi tangu utotoni bila kulitambua jambo hilo, kwa kuwa vidole vimeshazoea njia yake. Anayelazimika kulikumbuka kila siku ni fundi cherehani. Asipoamua upande kabla ya kushika mkasi, kitambaa cha mtu kimeharibika.

Mahali pazuri pa kuutazama ufundi huu ni Kitengela. Mji huu uko kilomita 30 hivi kusini mwa Nairobi, kwenye barabara ya Namanga, na jirani yake, mji wa Athi River, una eneo la viwanda vya kuuza nje, lile tunaloliita EPZ, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1990. Tangu Marekani ilipopitisha mwaka 2000 sheria ya AGOA, ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, viwanda vya nguo vya hapo vimeshona suruali na mashati mengi ya kwenda Marekani, na wafanyakazi wengi wa viwanda hivyo wamepanga nyumba Kitengela. Kiwandani kazi imegawanywa vipande vipande. Mmoja anaunga kola, mwingine mikono, mwingine siku nzima anatoboa matundu tu kwa mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Upande wa kifungo umeshaandikwa kwenye maagizo ya mnunuzi, na mshonaji hana la kuamua.

Kwenye vibaraza vya maduka mjini, na vilevile ukishuka hadi mji wa Kajiado, fundi ni mmoja na uamuzi wote ni wake. Ana cherehani ya kukanyaga kwa miguu, ambayo haijali stima ikipotea, pasi ya makaa, mkasi, chaki na tepu shingoni. Mafundi wa namna hiyo ndio ninaowasifu hapa.

Mteja akileta kitambaa cha shati, fundi mzuri huuliza maswali yake kabla hajapima: ni nguo ya kiume au ya kike, ni ya kazi au ya sherehe, mvaaji anapenda imbane au imwache? Akishapima, hukunja kitambaa mara mbili, uso kwa uso, ili vipande viwili vya mbele vitoke pamoja vikilingana. Halafu huchora mstari wa chaki kuonyesha katikati ya kifua. Mstari huo ndio unaotawala kila kinachofuata. Mbele yake fundi huongeza kitambaa cha kupandana, kinachotegemea ukubwa wa kifungo, kisha huongeza cha kukunjia. Shati likifungwa, mistari ya kushoto na ya kulia lazima ikae mmoja juu ya mwingine, na vifungo vyote vikae juu yake. Ikikosana, hata kwa robo inchi, kola itapinda na pindo la chini litatoka ngazi mbili.

Hapo ndipo upande unapoingia. Kwenye shati la kiume la kawaida, kipande cha kushoto hupewa ukanda wake, wa upana wa inchi moja na robo hivi, na ndani ya ukanda huo fundi huweka kitambaa kigumu ili matundu yasivutike. Kipande cha kulia hukunjwa tu. Kwa blauzi, ukanda huhamia kulia. Kitambaa kikiwa cha rangi moja, kazi ni nafuu. Kikiwa cha mistari au madirisha, fundi hukaa akikisogeza kidogo kidogo, maana mstari wa ukanda unatakiwa ukutane na mstari wa kifua kana kwamba haukukatwa kamwe. Mafundi wana namna nyingi za kukumbuka upande. Iliyo rahisi kwa shati la kiume ni mfuko: mfuko wa kifuani na matundu hukaa upande mmoja, kushoto.

Kinachofuata ni nafasi kati ya tundu na tundu, na hapa tofauti ya mwanamume na mwanamke huwa kubwa kuliko ya kushoto na kulia. Kwa mwanamume, fundi huanzia juu na kushuka kwa nafasi zinazolingana, inchi tatu au tatu na nusu. Kwa mwanamke, huanzia pale kifua kilipojaa zaidi. Kifungo kimoja lazima kikae hapo hapo, kisha vingine vigawanywe kwenda juu na kwenda chini. Blauzi inayofunguka kifuani mvaaji anapoketi kwenye matatu ilishonwa na mtu aliyegawanya urefu kwa hesabu bila kuutazama mwili. Dada anayetembea akiwa ameshika kifua cha blauzi yake anaficha kosa la fundi wake.

Tundu la kola hulazwa, na mengine husimama. Kola huvutwa kwenda pembeni shingo inapogeuka, na tundu lililolala huruhusu kifungo kwenda mwisho wake na kutulia hapo. Matundu ya kifuani husimama kufuata mstari wa katikati, kwa hiyo kifungo kikisogea kidogo, husogea juu na chini tu na mbele ya shati haipindi.

Sasa tundu lenyewe. Urefu wake ni upana wa kifungo pamoja na unene wake. Fupi zaidi, kifungo hakipiti; refu zaidi, kitafunguka chenyewe. Cherehani ya kukanyaga iliyo ya kawaida huenda mbele tu kwa mshono ulionyooka, kwa hiyo mafundi wengi hupeleka nguo kwa mwenzao mwenye mashine ya matundu, anayelipwa kwa kila tundu. Lakini wapo wanaolishona kwa mkono, hasa kwenye koti, na kumtazama mmoja wao akifanya kazi hiyo ni somo. Hupiga kwanza mishono miwili midogo sambamba, kulia na kushoto mwa mstari wa chaki. Huchomeka pini mwisho huu na mwisho ule, ili wembe usipitilize. Hukata katikati. Kisha sindano huingia chini ya ukingo, uzi huzungushwa nyuma ya ncha yake, na anapovuta, fundo dogo hulala juu kabisa ya ukingo uliokatwa. Mshono unaofuata hukaa ubavuni mwa ule wa kwanza bila kuacha nafasi, mpaka ukingo wote uwe na mafundo yanayolingana. Mwishoni hufunga ncha mbili kwa mishono ya kukingama. Ni ndugu wa ufundi wa pwani wa kofia za viua, ambazo watu wa Lamu na Unguja huzishona kwa mkono, vitundu vidogo vikizungushiwa uzi kimoja kimoja.

Kifungo nacho kina adabu yake. Fundi asiyejali hukishona kikabana na kitambaa, na siku ya tatu kimekatika. Anayejali huweka njiti ya kibiriti juu ya kifungo na kushona akiupitisha uzi juu yake. Akimaliza huichomoa njiti, hukivuta kifungo juu, na ule uzi uliolegea chini yake huuzungusha mara kadhaa ukawa shingo fupi. Shingo hiyo ndiyo inayoupa nafasi upande wa juu kulala bila kukunjamana. Koti zito huhitaji shingo ndefu, shati jepesi fupi.

Je, kwa nini wanaume huku na wanawake kule? Matundu ya vifungo yalienea Ulaya katika karne ya 13, na maelezo yanayotolewa tangu hapo ni mengi. Wako wasemao kwamba mwanamume alichomoa upanga kwa mkono wa kulia kutoka ubavu wa kushoto, na nguo iliyolala kushoto juu ya kulia haikumkwaza. Wengine husema wanawake matajiri walivishwa na watumishi waliosimama mbele yao, na vifungo vikawekwa upande unaoufaa mkono wa kulia wa mtumishi. Wengine hutaja mama anayembeba mtoto kwa mkono wa kushoto na kufungua nguo kwa wa kulia ili anyonyeshe. Hakuna hata moja lililothibitishwa. Mabwana wakubwa nao walivishwa na watumishi, na wanawake wengi hawakuwahi kuwa na mtumishi wa kuwavisha. Lililo wazi ni kwamba karne ya 19, nguo zilipoanza kushonwa viwandani kwa wingi, desturi ilikazwa ikawa kanuni, na kwetu ilifika pamoja na mashati ya kikoloni na sare za shule za misheni. Kwingineko upande una maana nyingine kabisa. Japani, kimono ya mwanamume na ya mwanamke hulala sawa, kushoto juu ya kulia. Upande wa pili ni wa kumvisha maiti.

Na hapa Kajiado penyewe, mavazi ya wenyeji hayakuhitaji kanuni hiyo. Shuka ya Kimaasai hufungwa lubega begani kwa fundo, bila sindano. Hata hivyo kifungo kimepata kazi nyingine mikononi mwa akina mama wanaotunga shanga. Angalia bangili pana za shanga wanazouza: nyingi hufungwa kwa kifungo cha shati upande mmoja na kitanzi cha uzi upande wa pili, na huvaliwa mkono wowote, na mtu yeyote.

Basi kanuni ya upande ni desturi tu, lakini ukiiona ikishikwa kwa uaminifu unajifunza kitu kuhusu anayeishika. Kitengela nilimsikia mama mmoja akimwuliza fundi, mwanamke wa makamo, kama anaweza kuhamisha vifungo vya shati alilorithi binti yake kutoka kwa kaka yake.

“Haiwezekani, mama,” fundi akajibu. “Tundu likishakatwa haliwezi kuzibwa likapendeza. Mwache avae hivyo hivyo, hakuna atakayeona. Lakini siku nikimshonea yake mpya, nitamwekea upande wake.”

Hakuna atakayeona, na bado atauweka upande wake. Binti yule hataulizia, wala shule haitapima. Fundi yule anajua nguo anayoikata inakwenda kwa mtu fulani, na mtu huyo ameshaingia katika hesabu yake kabla ya mkasi kugusa kitambaa. Kiwandani karatasi ya maagizo hufanya kazi hiyo. Kibarazani ni kichwa chake na dhamiri yake.

Ufundi huu una shule. Vyuo vya ufundi vya kaunti vinaufundisha, na mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, hutahini mafundi kwa madaraja, kuanzia la 3 kupanda hadi la 1. Lakini unaishi kwa sababu wateja wanauhitaji, nao wanavutwa na mitumba iliyo rahisi. Shati la mtumba lilikatwa kwa kifua cha mtu asiyejulikana, na bei yake ndogo humfanya fundi aonekane ghali hata anapotaja bei ya haki.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda kuchukua nguo uliyoshonewa, usiishie kuijaribu mbele ya kioo. Ifungue, igeuze ndani nje, upitishe kidole kwenye ukingo wa kila tundu. Vuta kifungo uone kama kina shingo. Keti uangalie kama kifua kimetulia. Ukikuta kila kitu kiko mahali pake, na upande ni ule unaostahili, mlipe fundi bei aliyoitaja bila kuivuta chini, na umwambie umeiona kazi yake.