Beseni la Ikweta: Maji Yanazungushwa na Nani?

Abiria anayepanda matatu Kanja kwenda Meru huvuka ikweta akishapita Nkubu, kabla hajaingia mjini. Wengi huvuka bila habari. Upande wa pili wa Mlima Kenya, Nanyuki, mstari huohuo una wenyewe: waonyeshaji wenye beseni lililotobolewa, jagi la maji na njiti za kiberiti. Mita 20 kaskazini, njiti inazunguka upande mmoja. Mita 20 kusini, inazungukia upande wa pili. Juu ya mstari wenyewe maji yanashuka bila kuzunguka. Mgeni anaambiwa hiyo ni nguvu ya Coriolis, analipa, anapewa cheti.

Nguvu hiyo ipo. Swali ni kama inafika ndani ya beseni.

Tuanze barabarani. Matatu yako ikienda kilomita 80 kwa saa na pikapu ya miraa ikakupita kwa 110, unaiona ikikuacha kwa 30. Umetoa mwendo wako katika mwendo wake, basi. Lakini mtazamaji akiwa mwenyewe anazunguka, kama sisi sote juu ya Dunia, kutoa hakutoshi. Mwaka 1835 Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis alionyesha kinachobaki: kuna mchapuko wa ziada wa pembeni. Kwa mwendo wa mlalo, zidisha mbili kwa kasi ya Dunia kujizungusha, kwa kasi ya kitu, kisha kwa sini ya latitudo.

Hiyo sini ndiyo inayoamua kesi. Kwenye ikweta ni sifuri. Mita 20 kutoka hapo ni kama 0.000003. Maji yakitembea sentimita 10 kwa sekunde kwa dakika nzima, yatasukumwa pembeni chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Unywele mmoja ni mnene kuliko umbali huo mara mamia.

Sasa tazama miguu ya mwonyeshaji. Anatembea na beseni lililojaa, kisha anageuka kuwakabili watu: upande huu wa mstari anageukia kulia, upande ule kushoto. Nusu mzunguko kwa sekunde mbili ni kasi inayozidi ile ya Dunia mahali hapo mara bilioni 7 hivi. Kuta za beseni huyavuta maji kidogo, na beseni likisimama maji hubaki na mzunguko huo. Yanapokaribia tundu mzunguko unaongezeka, kama mtoto anayejizungusha mikono imenyooshwa kisha akaikunja kifuani. Kumimina jagi kutoka pembeni kunatosha pia.

Jaribio la kweli lilifanywa na Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, karibu na Boston, Marekani, mwaka 1962. Tangi lake lilikuwa na upana wa mita 1.8 na kina cha sentimita 15 tu. Aliyaacha maji yatulie saa 24, akazibua tundu dogo la katikati, akangoja. Dakika zaidi ya kumi zilipita kabla kijiti kilichoelea hakijaanza kuzunguka, kinyume cha saa. Mwaka 1965 wenzake wa Sydney, kusini mwa ikweta, walipata mzunguko wa kufuata saa. Napenda sana uvumilivu ule. Hapa Kanja, chini ya nusu digrii kutoka ikweta, athari ya Coriolis ni ndogo karibu mara 100 kuliko ya Boston.

Coriolis hutamba penye nafasi na muda: mamia ya kilomita, siku kadhaa. Kimbunga Hidaya, kilichofika pwani ya Tanzania Mei 2024, kilizunguka kwa kufuata saa kama vimbunga vyote vya kusini. Juu ya ikweta yenyewe vimbunga haviumbiki.

Inaniuma mwanafunzi anaporudi nyumbani akiamini beseni limemthibitishia somo. Mwalimu, ukiwapeleka Nanyuki, omba beseni liwekwe chini, maji yatulie saa nzima, ndipo tundu lizibuliwe bila mtu kuligusa beseni. Na kabla ya hapo, waambie watoto watazame miguu, wasitazame njiti.