Jicho la Mnana

Miongoni mwa kazi ambazo binadamu hujishughulisha nazo bila kutaraji ujira, sioni yenye adabu kubwa kuliko ile ya kumpiga picha ndege wa mwituni aliyeingia bustanini kwa hiari yake, kisha kuketi na taswira hiyo hata akajulikana ni nani. Kwani mwenye kazi hiyo hana amri juu ya jua, wala juu ya upepo, wala juu ya mgeni mwenyewe, na mtaji wake wote ni subira.

Zamani haikuwa hivyo. Wataalamu wa ndege waliofika pwani yetu katika karne ya 19 walikuja na bunduki, na ndege alipewa jina akiwa maiti, kifua kimejazwa pamba na kikaratasi kimefungwa mguuni. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walikuwa katika watu wa mwanzo kuionyesha dunia njia nyingine: mwaka 1892 walipiga picha ya kiota chenye mayai, na baadaye, ili ndege wasiwashuku, wakasimamisha ngozi ya ng'ombe hata ikaonekana ng'ombe mzima, na mpiga picha akajificha tumboni mwake pamoja na kamera. Bila shaka walichekwa. Lakini kwangu mimi ng'ombe yule wa uongo ana heshima kuliko bunduki zote za wataalamu.

Sisi wa pwani hatuhitaji ng'ombe. Yatosha dirisha lenye pazia na mgomba mmoja uliotoa ua, maana chozi hakosi kulizuru asubuhi. Mng'ao wa manyoya yake haumo katika rangi, bali hutokana na umbile la unyoya namna unavyoirudisha nuru. Basi akiwa kivulini ni mweusi tu, na akiigeuza shingo kidogo kulielekea jua huwaka kijani, kisha zambarau, kisha weusi ukarejea kabla hujamaliza kustaajabu. Asiyelijua hilo hurudi na kivuli chenye mdomo uliopinda. Alijuaye huliacha jua nyuma ya bega lake, huiamuru kamera ifumbue na kufumba kwa sehemu 1 katika 1,000 ya sekunde, naye hungoja shingo igeuke.

Lakini mtihani wenyewe ni mnana. Minazini kwetu huishi mnana wa manjano wa aina zaidi ya moja, wote wakichana makuti, wote wakining'inia chini ya viota vyao na kupayuka mchana kutwa, hata mtu aliyekulia chini ya minazi hiyo huapa kuwa ni kabila moja. Wako wenye kichwa kilichoiva kwa rangi ya chungwa na jicho la hudhurungi iliyokolea, ambalo kwa mbali ni jeusi. Na wako wenye jicho jekundu linaloelekea uwaridi. Jicho lenyewe halizidi punje ya mtama, na mwenye nalo hatulii. Ndiyo maana picha iliyokatwa mkia na kuzibwa nusu na kuti, maadamu jicho limeonekana, naithamini kuliko picha ya kutundikwa ukutani ambayo ndani yake ndege amefumba. Ya kwanza ni shahidi. Ya pili ni pambo.

Na viota? Hapo hadhari yataka itangulie tamaa. Kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka, na ambaye hakuridhika na taka, hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Basi mwenye kukata majani ili kiota kionekane vizuri amemfungulia kunguru mlango. Kunguru huyo hana haja ya kuchunguzwa, shingo yake ya kijivu yamtangaza. Nami humpiga picha kwa ajili ya uadilifu wa daftari tu.

Wamebaki majike. Jike wa mnana, mwenye michirizi na umanjano uliofifia, hufanana na majike wa jamaa zake hata vitabu vyenyewe huanza kusema kwa kusitasita. Ninayo picha ya mmoja, safi, jicho wazi, aliyetua juu ya ukuta na uzi wa ukuti mdomoni. Jirani yangu, mzee aliyevua samaki maisha yake yote na mwenye macho makali kuliko lenzi yangu, ameshatoa hukumu yake. Mimi namwambia, "Shikamoo mzee, lakini bado," na mahali pa jina nimepaacha wazi.